Baki

Yesenia Barrientos amesomeshwa sehemu
katika sehemu tatu:
Florida, Januari, michungwa ikivunwa;
Georgia, Aprili, baba yake akikata vitunguu;
na hapa kwangu Michigan, Septemba,
matufaha yakianza kudondoka yenyewe.
Mara tatu nusu, mara tatu robo,
mara tatu duara lilelile, kipande kimoja kimepakwa rangi.
Kugawanya kwa njia ndefu hakuna aliyemfundisha.
Kila alikofika, wenzake walikwisha kupita hapo,
au hawajafika.

Mimi nina darasa la nne, mwaka wa ishirini na tisa huu.
Nina kabati la masomo niliyoyatunga mwenyewe:
kamba ya kupimia uwanja, mizani kuukuu ya shamba la Veldkamp,
hadithi ya mbwa aliyekataa kuvuka daraja
ambayo kila mwaka huliza watu watatu, mmoja wao mimi.
Sikuomba kitabu cha viwango.
Kililetwa kwenye boksi, kizito kama tofali,
kikaniambia mtoto wa miaka tisa ajue nini kabla ya Juni,
hapa na katika majimbo nisiyozijua hata barabara zake.

Usiku wa kura tulikutana maktaba ya shule,
tumekalia viti vya watoto, magoti yakitafuta videvu.
Orrin Veldkamp alisimama, kofia mkononi:
"Kesho watatuambia na matufaha yetu yaive lini."
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Nilikuwa na karatasi ya kupinga mfukoni, mistari kumi na minne.
Nikaitwa. Nikafungua mdomo,
akatokea Yesenia.

Si mwenyewe; mwenyewe alikuwa amelala kambi ya wachumaji.
Nasema asubuhi ya siku ile, ubaoni,
alivyoitazama alama ya kugawanya
kama mtu anayetazama mlango wa nyumba
aliyoambiwa aliwahi kuishi.
"Hii," aliniuliza chinichini, "wengine walishaifanya?"
Wengine.

Karatasi haikutoka mfukoni. Nilisema maneno machache, tena ovyo.
Kura tano kwa mbili.
Orrin hakunisalimia mpaka theluji ya kwanza.

Sisemi ilikuwa sherehe.
Wazazi walinipigia simu usiku: kutoa tu,
kwa nini siku hizi kunataka mishale na vidoti,
wao walikopa moja kwa jirani, wakamaliza, wakalala?
Sikuwa na jibu zuri. Bado sina.
Na ile hadithi ya mbwa, siulizi tena kwanza, "Umehisi nini?"
Nauliza, "Mstari gani umekuambia hivyo?"
Nilijiona kama mtu anayepekua mifuko ya maiti.
Kisha Yesenia akaweka kidole juu ya neno moja,
*bado* (mbwa bado alikuwa amesimama),
akasema, "Hapa. Hapa ndipo anapomngoja mtu."
Miaka ishirini na tisa
nalisoma neno hilo kwa sauti, silioni.

Waliondoka Jumanne, katikati ya Oktoba,
bila kuaga, kwa kuwa lori halingoji kengele.
Hesabu ilikuwa ubaoni, nusu:
masanduku 1,377 kwa malori sita.
Mbili. Mbili tena.
Hamsini na saba imeshushwa,
imekaa chini ya mstari wake.
Sikuifuta. Duane mfagiaji nilimbandikia karatasi,
naye akafuta kuizunguka wiki tatu,
ubao mweupe wote na kisiwa kimoja cha mwandiko wa mtoto.

Novemba ikaja postikadi yenye picha ya mamba.
Nyuma, kwa penseli, hakuna salamu:

*Tisa. Halafu baki tatu.
Huku nao walikuwa hapohapo.*